Kompyuta ya Sebuleni na Mafaili Yasiyo ya Wote

Nyumba nyingi za Ngamiani na Makorora, hapa Tanga, zina kompyuta moja tu, ipo mezani pembeni ya televisheni, imefunikwa kitambaa vumbi lisiingie. Ina akaunti moja, haina nenosiri, na aliyeiwasha ndiye mwenyewe kwa saa hiyo. Mama ameweka humo hesabu za kikoba. Dada mwalimu amehifadhi mtihani wa wiki ijayo, na mdogo wake anayesoma shule hiyohiyo ndiye anayecheza gemu jioni. Kompyuta haina namna ya kujua kwamba hawa ni watu tofauti. Kwa hesabu yake wote ni mtu mmoja, na kila faili ni la huyo mmoja.

Kabla ya kupakua programu yoyote, jiulize unamzuia nani. Mdogo mtu anayepekuapekua folda ni jambo moja. Kaka anayejua kompyuta na anayeshika akaunti ya usimamizi ni jambo la pili. Fundi atakayeifungua mashine, au mwizi atakayeibeba, ni la tatu. Kufuli la kumzuia wa kwanza halimbabaishi wa tatu. Na ajabu yake, lile la kumzuia mwizi laweza lisimguse mdogo mtu hata kidogo, kwa sababu yeye anaingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa.

Kuficha si kufunga

Njia inayopendwa sana ni kubofya folda kwa kitufe cha kulia, kwenda "Properties" na kutia alama kwenye "Hidden". Folda inapotea machoni. Anayetaka kuiona anafungua "View" na kuchagua "Hidden items", sekunde tatu. Wanafunzi wa sekondari wanaijua hiyo kuliko wazazi wao.

Kuna mbinu nyingine inayosambazwa mtandaoni miaka mingi: unanakili mistari kadhaa kwenye Notepad, unaihifadhi kwa jina linaloishia na .bat, na ukiibofya inakuuliza nenosiri kisha "inafunga" folda. Haifungi kitu. Inaipa folda jina lingine na kuificha, na nenosiri lenyewe limeandikwa waziwazi ndani ya faili hilo la .bat. Libofye kwa kitufe cha kulia, chagua "Edit", usome. Vivyo hivyo kwa programu nyingi za bure zinazojiita kufuli la folda: ukiwasha kompyuta kwa mfumo mwingine ulio kwenye flashi, folda iko palepale, wazi.

Kila mtu na akaunti yake

Hili ndilo linalofaa nyumba nyingi na halina gharama. Kwenye Windows 11 fungua "Settings", kisha "Accounts", kisha "Other users", ubonyeze "Add account". Kwenye Windows 10 sehemu hiyo huitwa "Family & other users", na kitufe ni "Add someone else to this PC". Itakuomba barua pepe. Usipotaka kuifunga akaunti na barua pepe ya mtu, bonyeza "I don't have this person's sign-in information", halafu "Add a user without a Microsoft account". Andika jina na nenosiri.

Utaulizwa maswali matatu ya kukusaidia ukisahau nenosiri: ulizaliwa mji gani, mnyama wako wa kwanza aliitwaje, na mengine ya namna hiyo. Usijibu kweli. Nyumba nzima inajua kwamba ulizaliwa Tanga na kwamba paka aliitwa Simba, na mwenye majibu hayo anabadilisha nenosiri lako pale pale kwenye skrini ya kuingilia bila kuhitaji lingine lolote. Andika maneno yasiyohusiana kabisa, uyanukuu kwenye karatasi.

Akaunti mpya huwa ya kawaida, yaani "Standard User", na ndivyo inavyotakiwa ibaki. Tatizo ni ile ya zamani, iliyokuja na kompyuta: hiyo ni ya msimamizi. Tengeneza akaunti moja ya pekee ya usimamizi, itie nenosiri, ipandishe iwe "Administrator" kwa "Change account type", ingia nayo, ndipo uishushe ile ya zamani iwe ya kawaida kwa njia hiyohiyo. Usiishushe kabla ya kuhakikisha kwamba ya usimamizi inafunguka. Akaunti ya usimamizi isitumike kwa kazi za kila siku. Ni ya kuweka programu na kurekebisha mambo tu.

Nani ashike nenosiri la usimamizi? Hilo ni la familia kuamua, lakini ijulikane kwamba msimamizi akibofya folda ya mtu mwingine ataletewa onyo, na akibonyeza "Continue" anaingia, tena anabaki na ruhusa hiyo siku zote. Kama si wewe unayeshika usimamizi, akaunti yako inakukinga na wadogo zako. Na mshika funguo haikukingi.

Sasa kosa ambalo hufanya kazi yote hii iwe bure. Folda inayolindwa ni ile iliyo ndani ya C:\Users\ yenye jina lako: Desktop, Documents, Pictures, Downloads na wenzake. Wengi wamezoea kuweka vitu vyao kwenye D, kwa sababu mafundi huigawa diski mara mbili na kushauri kwamba D ni salama Windows ikiharibika. Ni kweli kwa Windows kuharibika. Kwa faragha, D ni baraza: kila mwenye akaunti anasoma, na kwa kawaida anaweza hata kufuta. Folda uliyoianzisha moja kwa moja juu ya C, nje ya Users, nayo ni hivyohivyo.

Basi hamisha. Lakini usikate na kubandika. Faili likihamishwa ndani ya diski ileile kwa kukata laweza kuja na ruhusa zake za zamani, likaendelea kusomeka na wote. Nakili, bandika ndani ya Documents, hakikisha linafunguka, ndipo ufute la zamani na kumwaga pipa la taka. Kisha pima: toka, ingia kwa akaunti ya mwingine ya kawaida, nenda C:\Users na ubofye jina lako. Ukiombwa nenosiri la msimamizi, kazi imekaa. Ikifunguka, bado kuna mtu ni msimamizi bila wewe kujua.

Mwisho wa hili, kitufe cha Windows na L kwa pamoja hufunga skrini. Ukiinuka kwenda kuepua chungu, bonyeza. Hakuna programu inayoweza kukulinda na aliyekaa kwenye kiti chako cha moto.

Fundi, mwizi na diski iliyotolewa

Nenosiri la Windows huiambia Windows ikatae. Diski ikitolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, Windows yako haipo hapo kukataa, na mafaili yanasomeka kama gazeti. Dawa yake ni kuisimba diski yenyewe, maandishi yageuke fumbo lisilosomeka bila ufunguo.

Windows toleo la Pro lina BitLocker. Toleo la Home, ambalo ndilo lililo kwenye laptopu nyingi za madukani, lina kitu chepesi zaidi kiitwacho "Device encryption", lakini si kila mashine inakikubali. Ingia kwa akaunti ya usimamizi, na kwenye Windows 11 kitafute "Settings", "Privacy & security". Kama hakipo kwenye orodha, mashine yako haina, usihangaike.

Kikiwa kimewashwa, kuna ufunguo wa dharura wa tarakimu 48 unaohifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuianzisha kompyuta. Hapa ndipo watu hulia. Laptopu ilianzishwa na mjomba kwa barua pepe yake, akaikabidhi nyumbani, akarudi Dar. Miaka miwili baadaye fundi anabadilisha mazabodi, kompyuta inawaka na kudai tarakimu 48, na barua pepe ya mjomba haipatikani tena. Mafaili yamekwenda, na hakuna fundi wa kuyarudisha. Uutafute ufunguo huo leo, uunakili kwenye karatasi, uusome mara mbili tarakimu kwa tarakimu.

Na kumbuka lililosemwa mwanzo: kusimba diski nzima humzuia mwizi. Mdogo mtu anayeingia kwa akaunti halali anaikuta diski imekwisha kufunguliwa.

Kasha la VeraCrypt

Kwa mambo machache yasiyotakiwa kuonwa na yeyote, hata msimamizi, tumia VeraCrypt. Ni ya bure, ipo tangu 2013, na hutengeneza faili moja kubwa lililosimbwa ambalo ukilifungua kwa nenosiri huonekana kama diski nyingine kabisa, yenye herufi yake. Tuliite kasha. Lazima msimamizi aiweke programu hiyo mara moja. Baada ya hapo mwenye akaunti ya kawaida anaweza kuitumia.

Amua ukubwa kwanza, maana kasha la kawaida halikui baadaye kwa urahisi. Nakala za kitambulisho cha NIDA, vyeti, hati ya kiwanja na hesabu za kikoba haziwezi kumaliza MB 500. Ukitaka na picha, chukulia picha ya simu ni MB 3 hadi 5. Kasha la GB 2 linabeba picha mia nne na zaidi, na linaingia kwenye flashi ya GB 8 bila kubanana.

Fungua VeraCrypt, bonyeza "Create Volume", chagua "Create an encrypted file container", halafu "Standard VeraCrypt volume". Linapokuja dirisha la mahali pa kuhifadhi, andika jina jipya ndani ya Documents yako. Usichague faili lililopo. VeraCrypt hailisimbi faili ulilochagua. Inalifuta na kuweka kasha mahali pake. Onyo huonekana, lakini mkono uliozoea kubonyeza "Yes" hausomi. Jina liwe la kuchosha, lisiloita macho. Mtu akikuta faili la GB 2 linaloitwa "siri zangu" ataanza maswali.

Usimbaji uache kama ulivyo, AES na SHA-512. Andika ukubwa, kisha nenosiri. Likiwa chini ya herufi 20 programu italalamika, na inalalamika kwa haki. Njia nyepesi ni maneno matano au sita ya Kiswahili yasiyohusiana, mfano ngalawa, kiberiti, tisini, muhogo, darubini. Usitumie haya kwa kuwa yamekwisha kuandikwa hapa. Usitumie methali wala mstari wa taarabu unaoupenda: anayekufahamu ataanzia hapohapo. Majina ya watoto na mwaka wa harusi ndiyo usiyaguse kabisa.

Mfumo wa mafaili chagua FAT kama hakuna faili lako litakalofika GB 4, kwa kuwa FAT haipokei kubwa kuliko hilo. NTFS inapokea, ila kutengeneza kasha la NTFS kunadai msimamizi. Kabla ya kubonyeza "Format" utaombwa usogezesogeze kipanya ovyo ndani ya dirisha mpaka mstari wa chini ujae. Usione ni mchezo. Mizunguko hiyo ndiyo inayotengenezea ufunguo wa bahati nasibu.

Kutumia ni hivi: chagua herufi yoyote kwenye orodha, bonyeza "Select File", lichague kasha, bonyeza "Mount", andika nenosiri. Itasita sekunde chache, na kwenye mashine ya zamani zaidi ya hapo, haijaganda. Ukimaliza funga mafaili yote, bonyeza "Dismount", ambayo matoleo mapya yameiita "Unmount".

Kwenye kompyuta ya watu wengi kuna mtego ambao maelekezo mengi huuruka. Kasha likiwa wazi, liko wazi kwa kila mwenye akaunti. Ukibadilisha mtumiaji bila kulifunga, mwenzako anaingia kwa akaunti yake na kuiona ile herufi yenye vitu vyako. Ingia "Settings", "Preferences", utie alama kwenye sehemu za kujifunga zenyewe: mtumiaji anapotoka, kompyuta inapolala, na baada ya dakika kadhaa bila kutumika, tuseme 15. Kwenye dirisha kuu, chini ya orodha ya herufi, tia alama "Never save history", la sivyo programu itakumbuka makasha yalikuwa wapi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi, kasha hujifunga lenyewe kwa sababu ufunguo unakaa kwenye kumbukumbu ya muda, nayo hufutika. Faragha haijavunjika. Faili lililokuwa likiandikwa ndilo linaloweza kuharibika, na FAT si hodari wa kujitibu. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani kifaa cha betri cha kuishikilia umeme ukikatika, ihifadhi kazi kila dakika chache, na baada ya umeme kurudi fungua kasha, bofya herufi yake kwa kulia, "Properties", "Tools", "Check". Kuna jambo jingine: kuilaza kompyuta kwa "Hibernate" humimina kumbukumbu yote kwenye diski, ufunguo ukiwemo. Msimamizi anaweza kukizima kitu hicho kwa kufungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, kwa haki za usimamizi na kuandika powercfg /h off.

Ikubalike pia kwamba kasha halina miujiza. Msimamizi mwenye nia mbaya anaweza kuweka programu inayonukuu kila kitufe unachobonyeza. Ukiwa na mashaka ya kiwango hicho, mafaili yako hayapaswi kuwa kwenye kompyuta hiyo.

Faili moja tu

Kwa waraka mmoja wa kutuma au kubeba, kasha ni kubwa mno. 7-Zip inatosha: bofya faili kwa kulia, "Add to archive", chagua aina ya 7z badala ya zip, andika nenosiri mara mbili, na utie alama "Encrypt file names". Bila alama hiyo yaliyomo hayasomeki, lakini majina yanasomeka, na faili linaloitwa "madai ya talaka" limekwisha kusema yote kabla ya kufunguliwa. La asili bado lipo, lifute mwenyewe. Na ukisoma waraka moja kwa moja kutoka ndani ya 7-Zip, programu hutoa nakala ya muda kwenye folda ya Temp. Ukifunga 7-Zip kabla ya kufunga waraka, nakala hiyo yaweza kubaki.

Word nayo ina nenosiri lake, "File", "Info", "Protect Document", "Encrypt with Password". Kwa toleo la 2007 na kuendelea ni usimbaji wa kweli. Ukilisahau, basi.

Nyayo

Orodha ya mafaili yaliyofunguliwa karibuni huonyesha majina hata kama faili lenyewe limefungwa. Izime "Settings", "Personalization", "Start". Kivinjari ndicho kinachotoa siri nyingi zaidi. Wasifu mbalimbali ndani ya Chrome hauzuiliani, yeyote anabofya picha yako na kuingia. Kinachotenganisha ni akaunti za Windows. Dirisha la faragha la kivinjari halirekodi kurasa ulizotembelea, ila ulichopakua kinabaki Downloads kama kawaida. WhatsApp uliyoifungua kwenye kompyuta hubaki imeunganishwa baada ya kuondoka. Kwenye simu fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa na uiondoe. Kama familia yote inatumia akaunti moja ya Microsoft, OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, inaweza kuwa inapeleka Documents na Pictures zako mahali ambapo wote wanasoma.

Kufuta na kumwaga pipa la taka hakuondoi maandishi kwenye diski ya zamani ya kuzunguka. Programu za kurejesha huyaokota. Fungua Command Prompt uandike cipher /w:C:\ ili nafasi zilizo wazi ziandikwe juu. Huchukua saa kadhaa, iache usiku. Kwenye SSD, yaani diski za kisasa zisizozunguka, kwa kawaida haina haja, diski hizo husafisha zenyewe nafasi zilizofutwa.

Tusisahau duka la steshenari. Watu hufunga nyumbani kwa kufuli tatu, kisha hutuma nakala ya NIDA kwa WhatsApp ya duka ili ichapwe, na hapo inabaki pamoja na za mtaa mzima. Beba kwenye flashi faili hilo moja tu, simama pale linapochapwa, na ukirudi pitisha flashi kwenye kizuia virusi kabla ya kuifungua. Virusi vinavyogeuza folda kuwa njia za mkato vingali hai.

Nakala na ufunguo

Kasha likiharibika kidogo laweza kupotea lote, kwa hiyo nakili kasha zima, likiwa limefungwa, kwenye flashi mbili. Hewa ya chumvi ya pwani hula vichwa vya flashi. Ziweke kwenye kopo kavu lenye mfuniko, moja kati yake isikae nyumba hiyohiyo. Kila baada ya miezi michache jaribu kuzifungua. Ni nakala ngapi zimekutwa zimekufa siku ya kuhitajika!

Nenosiri liandike kwenye karatasi, litie kwenye bahasha iliyogundishwa, mkabidhi mtu mmoja mnayeaminiana. Kama humo ndani mna hati ya kiwanja au hesabu za fedha za watu, bahasha hiyo ni ya lazima. Wenye kikoba hawataelewa kwamba daftari lao limezikwa na katibu.

Siku ya kwenda kwa fundi, kama tatizo ni skrini, kibodi au chaji, toa diski ubaki nayo. Kwenye laptopu nyingi za zamani ni kifuniko kimoja cha chini na skrubu chache, na fundi mwenyewe atakutolea ukimwomba ukiwa umesimama hapo. Kama lazima aingie kwenye Windows, nakili kasha kwenye flashi, lifute kwenye mashine, toka kwenye barua pepe na WhatsApp, mtengenezee akaunti yake ya kawaida. Akidai usimamizi, badilisha nenosiri liwe la muda kabla ya kumpa, na kompyuta ikirudi lirudishe la kwako, kisha angalia "Other users" kama kuna akaunti ambayo hamkuiweka.